Tundu la Robo Inchi

Fundi alizipanga jeki tano juu ya kioo cha meza yake, moja baada ya nyingine, kama anayegawa karata. "Chagua, kijana," akasema, kisha akarudi kwenye redio aliyokuwa ameifungua.

Ilikuwa asubuhi ya mvua mjini Bukoba, karibu na soko kuu. Nilikuwa nimetoka Kamachumu, wilayani Muleba, kwa gari la alfajiri, na mapajani nilikuwa nimepakata bodi ya kinanda iliyofungwa kwenye kanga ya mama. Kinanda kilikuwa mali ya kwaya yetu. Kilinunuliwa kwa michango ya misimu miwili ya kahawa, na kwenye daftari la mweka hazina kuna majina ambayo mbele yake hapakuandikwa shilingi. Paliandikwa "mkungu 1", "mikungu 2". Sasa tundu la kuchomekea waya wa kwenda kwenye amplifaya lilikuwa limelegea. Sauti ilikuja na kukatika, na ilifika mahali mtoto mmoja akapewa kazi ya kusimama nyuma ya kinanda ibada nzima, akiushikilia waya kwa mkono.

Mimi nilikuwa "mtu wa umeme" wa kwaya, cheo nilichopewa kwa sababu nilikuwa na pasi ya kulehemu na nilisoma fizikia hadi kidato cha sita. Nikachagua jeki iliyong'aa kuliko zote.

Fundi akaitazama, akanitazama mimi. "Umehesabu miguu?"

Nikasema ndiyo, Mzee. Sikuwa nimehesabu.

*

Kwetu neno jeki limebeba mengi: chuma cha kunyanyulia gari, ncha iliyo mwisho wa waya wa gitaa, na tundu linaloipokea ncha hiyo. Hapa nitaiita ya kwenye waya pini, na ya kwenye mashine jeki, ili tusipotezane.

Kwa muda mrefu niliamini kwamba jeki ilitengenezwa kwa ajili ya muziki. Ilitengenezwa kwa ajili ya simu. Tarehe 28 Januari 1878, mjini New Haven, Marekani, George Coy alifungua kituo cha kuunganishia simu chenye wateja 21. Vituo vilipoongezeka, Charles Scribner wa kampuni ya Western Electric, Chicago, akabuni swichi yenye chuma cha chemchemi kilichofanana na kisu cha kukunja. Kisu hicho kwa Kiingereza huitwa jackknife. Kisu kikasahaulika, jina likabaki. Pini yenye unene wa robo inchi, yaani milimita 6.35, ikaja kuwa ya kawaida kwenye meza za maopereta, na ndiyo hiyo hiyo ambayo leo mpiga gitaa wa bendi yoyote huichomeka bila kufikiria.

Ukitaka kuielewa jeki, mfikirie yule opereta. Wengi wao walikuwa wanawake, tangu Emma Nutt alipoajiriwa Boston mnamo Septemba 1878. Kazi yao ilikuwa kuchomeka na kuchomoa kutwa nzima. Wazazi wetu waliowahi kuomba wapewe namba ya Mwanza au Dar es Salaam kupitia opereta, enzi za Shirika la Posta na Simu, walihudumiwa na watu wa kazi hiyo. Kifaa cha namna hii kilipaswa kuvumilia. Kilikazwa kwa nati kwenye ubao ili ubao ndio ubebe uzito wa waya. Vyuma vyake vilikuwa wazi, unaviona kwa macho. Kimoja kikilegea, fundi alikikunja kidogo kwa koleo, kazi ikaendelea.

Lakini jambo ambalo nilipaswa kulijua asubuhi ile ni jingine. Jeki ya simu ilikuwa na vyuma vya ziada. Pini ilipoingia, ilikisukuma chuma kimoja kikaachana na mwenzake, na kwa njia hiyo kituo "kilijua" kwamba laini imeshikwa. Yaani jeki ni tundu na swichi kwa pamoja. Ukiitazama kwa nje unaona tundu tu. Swichi iko ndani, na dalili yake pekee ni idadi ya miguu.

*

Muziki uliikuta jeki hii ikiwa tayari imekomaa. Leo Fender alikuwa fundi redio. Alifungua duka lake la matengenezo mjini Fullerton, California, mwaka 1938, na katika miaka ya 1940 akaanza kutengeneza amplifaya za gitaa kwa vipuri ambavyo fundi redio yeyote alivijua. Mwaka 1946 kampuni ya Switchcraft ikaanzishwa Chicago, mji ule ule wa Scribner, na mpaka leo jeki zake zinatajwa kwa namba na mafundi wa dunia nzima: 11 ni ya kawaida, 12A ina swichi, 12B ni ya stereo.

Tofauti ya 11 na 12A inaonekana ndogo hadi siku utakapokosea. Pini ikiwa haimo, 12A huunganisha mlango wa amplifaya na ardhi, nayo amplifaya inanyamaza. Pini ikiingia, muungano ule unaachia na sauti ya gitaa inapita. Weka 11 mahali pa 12A: gitaa litasikika vizuri kabisa, utalipwa hela yako, utashukuriwa. Kisha gitaa litachomolewa, na amplifaya itaanza kukoroma, kwa sababu mlango uliobaki wazi unadaka kila takataka iliyo hewani, kuanzia taa hadi simu ya mchungaji. Nimewahi kukaa kwenye mahubiri yaliyosindikizwa na mkoromo huo mwanzo hadi mwisho. Katika amplifaya nyingi za zamani za Fender zenye milango miwili, swichi hiyo hiyo huamua pia kiasi cha sauti: ukichomeka mlango wa pili, unapata nusu ya kile kinachoingia kwa mlango wa kwanza. Badilisha jeki ovyo, na milango miwili inakuwa mapambo.

Halafu kuna suala la mwili wa jeki. Za Kimarekani zilikuwa za chuma kitupu, na nati yake ndiyo iliyoiunganisha na chasisi, yaani na ardhi. Uingereza, ambako Jim Marshall alianza kuuza amplifaya London mwaka 1962 kwa kufuata mfano wa Fender, zilikuja kuenea jeki za Cliff zenye mwili wa plastiki, ambazo haziigusi chasisi kabisa. Kila moja ina mahali pake. Ukitoa ya chuma ukaweka ya plastiki bila kuvuta waya wa ardhi, utapata mvumo unaojaza ukumbi. Ukitoa ya plastiki ukaweka ya chuma, ardhi itapita njia mbili, na mvumo utarudi kupitia mlango mwingine. Tena hapa si suala la masikio peke yake. Nyuzi za gitaa la umeme huunganishwa na ardhi ya amplifaya kupitia jeki hii hii. Mei 1972, mpiga gitaa Les Harvey wa bendi ya Stone the Crows alikufa jukwaani mjini Swansea baada ya kugusa maikrofoni isiyokuwa na muunganiko wa ardhi. Sehemu kama zetu, ambako soketi nyingi za ukutani zina tundu la tatu lisilokwenda popote, habari hiyo si ya kale.

Sinthesaiza nazo zilirithi meza ya opereta karibu nzima nzima. Mashine ya Robert Moog ya mwaka 1964 ilipigwa kwa kuchomeka waya kutoka jeki moja kwenda nyingine, robo inchi zote. ARP 2600 ya mwaka 1971 ikachagua tundu dogo la milimita 3.5, na ubishi kati ya wakubwa na wadogo haujaisha hadi leo. Hizo ni mashine ambazo sijawahi kuzigusa. Zilizotufikia sisi ni vinanda vya nyumbani vya Casio na Yamaha vya kuanzia miaka ya 1980, vyenye spika zake ndani na nafasi ya betri chini. Ndani yake jeki ilihama. Iliacha ukuta wa mashine ikalehemiwa moja kwa moja kwenye bodi, kwa sababu kiwandani bodi nzima hupitishwa juu ya risasi iliyoyeyuka na kila mguu unashika kwa mara moja. Ni rahisi na haraka. Ila sasa uzito wa waya haubebwi na ukuta wala nati. Unabebwa na matone matano ya risasi, kila moja dogo kuliko punje ya mtama. Mtu akijikwaa kwenye waya mara tatu, tone linapasuka. Hicho ndicho kilichotukuta.

*

Fundi yule alijifunza kazi wakati ambapo hapakuwa na cha kuchagua. Alinisimulia huku akipuliza moshi wa risasi pembeni.

Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yaliingia Kagera na daraja la Kyaka likavunjwa. Vita viliisha mwaka uliofuata, lakini fedha za kigeni ziliisha navyo. Kuingiza bidhaa kulihitaji vibali, na katika orodha ya mahitaji ya taifa, jeki ya gitaa haikuwa karibu na juu. Mwaka 1983 ikaja operesheni ya wahujumu uchumi, na mtu aliyekutwa na katoni ya vitu kutoka ng'ambo ya mpaka alikuwa na maelezo ya kutoa. Fundi hakununua jeki mpya hata moja kwa miaka, kwa maneno yake. Alizitoa kwenye mashine zilizokufa na kuzihifadhi ndani ya kopo la maziwa ya unga. Kabla ya kuitoa kila moja alichora kwenye karatasi miguu yake imeunganishwa na nini, kwa kuwa hakujua itaingia kwenye mashine gani baadaye.

Ikumbukwe kwamba wakati huo wanamuziki wengi wa Tanzania hawakuwa na vyombo vyao wenyewe. Bendi kubwa zilikuwa za taasisi: NUTA Jazz, iliyoanzishwa mwaka 1964, ilikuwa ya chama cha wafanyakazi, na polisi walikuwa na yao. Mwimbaji aliweza kuhamia bendi nyingine jioni moja, lakini magitaa na amplifaya vilibaki kwa mwenyewe. Ndiyo maana watu wazima wa muziki wetu hulitamka neno "vyombo" kwa heshima kidogo. Aliyekuwa na vyombo alikuwa na bendi. Na aliyeweza kuvifufua vyombo, nadhani, alikuwa na nafasi ambayo historia ya muziki wetu haijaiandika sana. Tunawajua watunzi, waimbaji, wapiga solo. Waliokuwa wamepiga magoti nyuma ya spika na tochi mdomoni hatuna majina yao.

Spea za Bukoba zimekuja daima kwa maji au kwa mpaka. Kwa maji, kutoka Mwanza, kwa meli za usiku. Tarehe 21 Mei 1996 mv Bukoba ilizama ikikaribia Mwanza, watu mamia wakafa, na kwa muda mrefu baada ya hapo hata mzigo mdogo ulisafiri na hofu. Kwa mpaka, kupitia Mutukula, kilomita 80 hivi kutoka mjini. Kampala iko karibu nasi kuliko Kariakoo kwa umbali usiolinganishwa. Hata umeme wetu kwa miaka mingi umekuja kwa njia hiyo hiyo ya Masaka.

Na ziwa lenyewe linakula vyuma. Bukoba ni miongoni mwa miji yenye mvua nyingi kuliko yote nchini, kama milimita 2,000 kwa mwaka. Jeki ya bei nafuu hupakwa rangi ya chuma kizuri juu ya chuma kibaya. Miezi ya mvua ikipita mara mbili, rangi inachubuka pale pini inapokwaruza, na kutu huingia hapo hapo. Ile iliyong'aa niliyoichagua ilikuwa ya ukoo huo. Lakini hilo lilikuwa kosa langu dogo.

*

Nilirudi Kamachumu nikafanya kazi usiku ule. Jeki ya zamani ilikuwa na miguu mitano, mpya ilikuwa na mitatu. Niliona. Siwezi kusema sikuona. Nilijiambia kwamba sauti ya kushoto ni mguu mmoja, ya kulia mmoja, ardhi mmoja, na hiyo ndiyo stereo yote iliyoko duniani. Matundu mawili kwenye bodi yakabaki wazi. Nikafunga kinanda, nikachomeka pini, nikaunganisha amplifaya, kikalia vizuri ajabu. Jumapili iliyofuata yule mtoto aliimba na wenzake badala ya kushika waya.

Wiki tatu baadaye tukafiwa na mama mmoja wa sauti ya pili. Katika lile daftari, jina lake lilikuwa na mikungu mitatu.

Kuzika kwetu ni kwenye kibanja, katikati ya migomba. Hapakuwa na umeme na hatukubeba amplifaya. Tulikuwa na kinanda, betri sita mpya na spika zake za ndani, kama tulivyofanya kwenye misiba mingi. Mwalimu wa kwaya akabonyeza, taa nyekundu ikawaka. Akapiga. Kimya. Akaongeza sauti hadi mwisho, akapiga tena. Watu walikuwa wamesimama, jeneza likiwa mbele yetu. Akageuka kunitafuta kwa macho, wala hakuwa na hasira, alikuwa anauliza tu. Mimi hapo hapo nikaelewa ile miguu miwili ilikuwa ya nini.

Sauti ya kwenda spika za ndani ilikuwa ikipita kwenye swichi za jeki. Bila pini, vyuma vinagusana na spika zinalia. Ukichomeka pini, vinaachana na spika zinanyamaza ili usikie kwenye amplifaya. Ni ufundi ule ule wa Scribner. Nilikuwa nimetoa jeki yenye swichi nikaweka isiyo nazo, na tangu usiku ule spika zilikuwa zimekatwa. Hakuna aliyejua, kwa sababu kila tulipokijaribu kinanda, pini ilikuwa ndani.

Mwalimu akatoa sauti kwa mdomo, kwaya ikaimba kavu. Waliimba vizuri. Bibi mmoja aliniambia baadaye, kwa wema, "Waitu, hata bila kinanda imependeza," na nisingeweza kusikia maneno mazito zaidi ya hayo.

*

Nilirudi Bukoba siku ya tatu. Fundi hakunisema. Alichukua bodi, akageuza upande wa risasi, akaweka ncha ya bisibisi kwenye tundu moja lililo wazi, kisha la pili. "Hukuhesabu," akasema, na likawa limeisha.

Aliniwekea jeki mbili. Ya kwanza ilikuwa ya plastiki, ya kulehemu kwenye bodi, miguu mitano, imetolewa kwenye kinanda kilichokufa cha aina inayofanana na chetu. Ingeingia bila kubadili chochote, kazi ya dakika kumi, na ingelegea tena kama ya kwanza. Ya pili ilitoka kwenye lile kopo. Ilikuwa ya chuma, kubwa, vyuma vyake vyote wazi, miguu mitano, nati nene shingoni. Hii ingehitaji kutoboa ukuta wa kinanda na kuvuta nyaya tano hadi kwenye bodi. Haikung'aa hata kidogo. Alichukua pini akaichomeka, nikaviona vyuma viwili vikiachana na wenzao, taratibu, kama kope.

"Mwili wake ni chuma, Mzee. Haitaleta mvumo?"

"Ukuta wa kinanda chako ni plastiki. Itagusa nini?"

Nikacheka. Ilikuwa mara ya kwanza nimefikiri kabla ya kuchagua, na bado nilikuwa nimechelewa hatua moja.

Nikachukua ile ya kopo. Nilitumia Jumamosi nzima. Tundu la ukutani nililitoboa kubwa mno upande mmoja, nikaliziba kwa washa mbili, na mpaka leo linaonekana baya. Nyaya nilizipa rangi tofauti. Kabla ya kufunga nilijaribu mara nne: pini ndani na amplifaya, pini nje na spika, kwa umeme, kwa betri. Kisha nikachora jeki kwenye kipande cha karatasi, miguu yote mitano, kila mmoja unakwenda wapi, nikakibandika kwa ndani, chini ya kifuniko, mahali ambapo mtu atakiona iwapo tu amekwisha kufungua skrubu zote.

Mweka hazina alitaka risiti. Fundi hakuwa na kitabu cha risiti, kwa hiyo mama yule akaandika mwenyewe kwenye daftari, chini ya orodha ya michango, kwa herufi zake kubwa: jeki 1, miguu 5.